Nusu ya Pili ya Utabiri Wangu

Niinueni kidogo, wanangu, huo mto uwekeni mgongoni, maana baba hagawi mali yake akiwa amelala chali kama mende. Nikolaus, zima redio. Brightness, kaa karibu na mama yako. Nitakayoyasema leo sitayarudia, na si ukali huo, ni pumzi.

Ya mali nayamaliza upesi kwa kuwa si mengi, ingawa kwa kuyavumisha sina mpinzani kutoka hapa Zombo mpaka Mikumi. Shamba la mpunga la Tindiga ni la Nikolaus. Lile la mlimani pamoja na migomba yake ni la Brightness, na akitokea mjomba wa kusema mtoto wa kike hana shamba, mwambieni aende akabishane na marehemu. Nyumba ni ya mama yenu mpaka aichoke mwenyewe. Naye jirani yetu Sendeka msimkumbushe tena ng'ombe wake walivyoshinda ndani ya mpunga wetu, kwani nilipozidiwa ni yeye aliyeshika mbele ya machela hadi zahanati, na Mmasai yule hatembei, anapaa. Nilifika kizunguzungu kimeushinda ugonjwa.

Sasa sikilizeni lililonifanya niwaite. Ni ule utabiri.

Mlikuwa bado wadogo. Maduka ya watu binafsi yalipofunguliwa, mitumba ikamwagika sokoni Kilosa kama kumbikumbi na kila mtu akasema sasa tumefika, mimi peke yangu nilisimama kilabuni, kata ya pombe ya kangara mkononi, nikasema: Ole wako Kilosa, wewe unayelichekea duka. Mkonge utapata mnunuzi, mkataji wake hatapata. Reli italala, na nyasi zitaifunika shuka. Barabara ya Mikumi itawaita wanao kwa honi, nao wataitika kabla hujamaliza kuwalea. Nani alinifundisha? Hakuna, mtu wa darasa la nne mimi! Kilabuni hata nzi aliona haya kuruka. Na yametimia, abishe anayetaka.

Mwinjilisti Cleopa, yule mwembamba anayepiga pasi hata suruali ya kulimia, hakuwapo, hanywi. Alisimuliwa tu. Akayachukua maneno yangu, akayatia mkia, akawafundisha akina mama wa kanisa kuyaimba. Mkia wenyewe mnaujua: Nyamaza, Kilosa, maji yaliyobeba mbegu ndiyo yaletayo udongo. Mama usiyelala, acha mlango bila komeo. Aliyeondoka na viatu atarudi peku, nawe utamjua kwa hatua zake. Halafu, oneni ujanja wa mtu, akauita wimbo wote Utabiri wa Octavian. Wangu mimi! Hakujibakizia hata herufi.

Tangu hapo sikupita njia kwa amani. Siku moja stendi ya Mikumi muuza ndizi aliniinukia, "Shikamoo nabii! Ile ya maji na udongo, baba, ilinitoa machozi." Nikaitika marahaba, nikamuuliza, na ile ya reli na nyasi? "Ipi hiyo?" Wanangu, kusifiwa kwa chungu alichopika mwenzako ni kulishwa pilipili huku unaambiwa tabasamu.

Nikamwendea Cleopa. "Mwalimu, nani alikutuma uniongezee?"

Akanijibu kwa ile sauti yake ya maji ya uvuguvugu, "Kaka Octavian, nyumba yako haikuwa na mlango wa kutokea. Nimetoboa mlango tu. Nyumba ni yako."

"Basi andika jina lako kwenye mlango wako!"

"La nini? Mtu anayetoka hasomi mlango."

Jumatano iliyofuata, kwenye darasa la Biblia, akafundisha kitabu cha nabii Isaya. Akasema wengi wa wasomi chuoni kwake wanaona kitabu kile hakikutoka kinywa kimoja. Mwanzoni yumo Isaya mwenyewe wa Yerusalemu, mkali, wa enzi za mfalme Hezekia. Halafu baada ya miaka mingi, watu wakiwa wamekwisha kuchukuliwa mateka Babeli, akatokea mwingine wa kuwafariji, akamtaja hata mfalme Koreshi, na huyu wa pili hakuacha jina, maneno yake yakakaa chini ya jina la Isaya. Wapo wanaokataa, akasema, wanaoshikilia kwamba nabii ni mmoja, aliona mbali. Mimi nikanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo wa pili alikuwa na mke? Mwenye mke nyumbani hakubali jina lake lifichwe." Darasa likaangua kicheko. Cleopa, ambaye mnajua alifiwa na mkewe zamani, akasema, "Pengine hakuwa naye, Kaka, ndiyo maana akapata nafasi ya kufariji taifa zima." Ndipo mama yenu akacheka. Nilipouliza mimi hakucheka. Alicheka alipojibu yeye. Kicheko kile nimelala nacho mpaka kwenye kitanda hiki.

Usiangalie chini, Mama Nikolaus, sikutuhumu kwa lolote. Mtu mzima hovyo ni mimi. Lakini najua mkia ule ulitungiwa nani. Nikolaus, ulipotoroka kufuata malori Mikumi, mama yako hakulala. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilikuwa nashughulika kutabiri reli, na Cleopa wa nyumba ya tatu ndiye aliyeona kwamba kuna mama halali! Afadhali tu kwamba uliporudi, ulirudi na viatu. Jozi mbili, moja miguuni na moja shingoni! Nilicheka mpaka kuku wakatoka bandani. Kwa hiyo nabii si yeye.

Basi agizo langu ni hili. Siku ya kunizika akina mama waimbe ya kwangu, wafike kwenye honi za Mikumi, wanyamaze. Ile nyingine ipewe jina la mwenyewe, waje wamwimbie akifa yeye. Mimi sizikwi na mitumba ya maneno.

Unasemaje, Brightness? Sema kwa sauti, ninayekufa ni mimi, si wewe.

"Nasema hivi, baba: tukizitenganisha, nani ataimba ya kwako?"

Huyu ana ulimi wa shangazi yake. Nipeni maji.

Nani ataimba ya kwangu... Ni kweli, hakuna mama wa kumbembelezea mtoto reli na nyasi. Asiyekuwapo na lake halipo. Kumbe yule Isaya mkali, ole zake zimefikaje huku kwetu? Wasomi waseme lao. Mimi naona yule asiye na jina alizibeba mgongoni. Watu walikuja kutafuta faraja, wakakuta na makaripio yamo mumo humo, wakayachukua yote. Mkikata mkia, wanangu, watu wataufuata mkia, na kichwa kitabaki na mwenye kichwa, shimoni.

Nabadilisha. Msitenganishe. Waimbe yote, na jina libaki langu, alinipa kwa hiari yake. Cleopa msimwambie nilikubali. Mwambieni nilikufa nikinung'unika. Akija kaburini asimame, ila nyuma ya Sendeka, yule mrefu.

Mshikane, wanangu. Nikolaus, usimpandishie dada yako sauti. Mbarikiwe mkitoka, mbarikiwe mkirudi, na chungu chenu kisiogope mgeni. Mungu awe... ngojeni... awe wa kwenu kama alivyokuwa wangu, hata niliposinzia kanisani.

Sasa tokeni kidogo. Mama Nikolaus abaki.

Fausta. Sogea, kifua kimebana. Niimbie... si ya reli. Ile ya maji. Ile ya mama asiyelala. Polepole.

Ila unitazame mimi ukiimba.