Sisi Tunaopita Mlango wa Nyuma

Mgeni rasmi, mmiliki wa jengo hili, ndugu msimamizi, wageni mliofuatana naye, wapangaji wenzetu, wakubwa kwa wadogo: pokeeni salamu zetu.

MAKARIBISHO

Karibu sana, mgeni rasmi. Jina lako tulikuwa tukilisoma tu kwenye kibao cha mlangoni. Leo tumeuona na uso. Tumeiona rangi mpya ya mbele, vigae vinavyong'aa, na utepe utakaoukata muda si mrefu. Jengo limependeza, hatuna ubishi.

Kabla hujaukata utepe huo, tunaomba utusikilize. Tumekubaliana risala yetu iwe ya mtu mmoja, kwa kuwa yaliyomkuta yeye yangeweza kumkuta yeyote kati yetu. Ni yule dada aliyekaa safu ya pili, mwenye mtandio wa kijani. Kazi yake ni ususi, na watoto wa jengo zima humwita Dada Nywele. Tulimwuliza kama tunaweza kuyasema haya mbele yake. Akajibu, "Semeni. Nikishindwa kusikiliza nitatoka nje. Ila msinikodolee macho." Basi tunaomba asikodolewe macho.

HISTORIA YETU KWA UFUPI

Dada Nywele aliingia jengo hili akiwa bibi harusi. Mumewe ni dereva wa malori, mtu wa safari ndefu, hivyo maisha yake ya kila siku ni yeye na mama mkwe wake, ambaye miguu yake ilishagoma zamani. Wanakaa ghorofa ya juu kabisa. Chini yao alikaa fundi redio, mzee mjane mwenye maneno mengi, aliyemwita kila mwanamke wa jengo hili shemeji. Akimsikia Dada Nywele anapanda, husema kutoka ndani, "Shemeji, leo umesuka vichwa vingapi? Changu umekiruka tena!" Na kichwa chenyewe kilikuwa kipara kitupu. Dada Nywele alikuwa akicheka kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

Siku hizo wote tulipita mlango wa mbele. Zilipokuja ofisi ghorofa za chini, tukaambiwa mlango wa mbele sasa ni wa ofisi, wapangaji tupite nyuma. Hatukuona ubaya. Ngazi za nyuma zilikuwa na madirisha, upepo ulipita, na mlango wake ulikuwa na kitasa ambacho kila nyumba ilikuwa na ufunguo wake.

Kisha ukuta wa nyuma ukapangishwa kwa bango kubwa la matangazo. Bango likafunika madirisha yote ya ngazi. Tangu hapo mchana wetu ni giza. Mtu anapanda akipapasa ukuta. Mafundi wa bango walipokuwa wakiingiza vyuma vyao walikibomoa kitasa, wakaenda zao. Mlinzi aliyekuwa akikaa mlango huo akahamishiwa mbele, kulinda magari ya ofisi.

MAFANIKIO

Katika risala ni desturi kutaja mafanikio, nasi tunayo.

Baada ya nguo kuibwa kambani, na baada ya binti mmoja wa chuo kukabwa ngazini akanyang'anywa simu, tulikwenda kwa ndugu msimamizi. Hakutufukuza. Alitusikiliza, akashika kiuno, akasema, "Jamani, mimi hapa ni mdomo tu. Mkono hauko kwangu. Nitafikisha." Tukaamini kwamba alifikisha. Tunaamini hivyo hadi leo.

Tulipoona kimya, tukafunga mnyororo na kufuli letu wenyewe. Tukalala usingizi mzuri kwa muda. Kisha watu wa bango wakaja kubadilisha tangazo, wakakuta pamefungwa, wakalalamika ofisini kwako. Kufuli likakatwa. Tukaambiwa hakuna mpangaji mwenye ruhusa ya kufunga mali isiyo yake.

Hayo ndiyo mafanikio, mgeni rasmi. Yalidumu kidogo.

CHANGAMOTO

Ilikuwa mchana, watu wengi wako makazini. Dada Nywele alikuwa anarudi kumpa mama mkwe wake dawa, kisha arudi saluni kwa mteja aliyemwacha na nusu kichwa. Alifika kona ya ngazi iliyo chini ya mlango wa fundi redio, pale penye giza kuliko pote. Alisikia pumzi ya mtu kabla hajamwona mtu. Anasema alidhani ni jirani, akasalimia.

Aliyesalimiwa alimkaba shingo, akamwekea kisu chini ya sikio. Dada Nywele akaachia mkoba. Mtu yule hakuuokota. Akaanza kumvuta kuteremka, na hapo Dada Nywele akaelewa kwamba hakufuata mkoba. Akapiga kelele.

Mlinzi wa magari alizisikia. Ametuambia mwenyewe. Alisimama, akaenda hadi kona ya jengo, akarudi. Amri aliyopewa ilikuwa asiache magari hata kidogo. Mwenzake aliyewahi kuyaacha akaenda kunywa maji alifukuzwa siku hiyohiyo. Alibaki amesimama pale huku akisikia. Baadaye aliacha kazi, na alipokuja kumwomba Dada Nywele msamaha, alilia tu mlangoni kama mfiwa. Hatumlaumu. Tunamtaja ili ujue kwamba mlinzi alikuwepo.

Aliyetoka ni fundi redio. Alitoka na ndala zake, miwani ya kazi bado usoni. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Kijana, mwachie. Chukua unachotaka, mwachie huyo." Kijana hakumwachia. Mzee akashuka, akaushika mkono wenye kisu kwa mikono yake yote miwili, akang'ang'ania. Dada Nywele akachomoka. Kisu kikaingia tumboni kwa mzee, kikatoka, kikaingia tena. Kisha yule mtu akashuka mbio, akatoka kwa mlango uleule alioingilia.

Dada Nywele alikaa kwenye ngazi, akampakata mzee. Giza lilikuwa zito hata hakuweza kuona damu inatoka wapi. Aliitafuta kwa viganja. Alimwambia, "Shemeji, usilale. Watu wanakuja." Mzee akasema, "Shemeji, chuma changu cha kulehemu nimekiacha kwenye umeme. Kakizime, nyumba isije ikaungua."

"Siwezi kukuacha."

"Kakizime, shemeji. Kuna watu humu."

Hakwenda. Alibaki amemkumbatia, na mzee akafa akiwa na wasiwasi huo. Hilo ndilo linalomla Dada Nywele hadi leo, kwamba alimnyima ombi lake la mwisho. Tumemwambia mara nyingi kwamba chuma kilizimwa na jirani, na kilichoungua ni kona ya meza tu. Anaitikia kwa kichwa. Mkono wake wa kulia hutetemeka sasa. Nywele zinamponyoka, na wateja wake wamehamia kwingine mmojammoja, kwa aibu, wakidanganya kwamba wanasafiri.

Kwa muda mrefu hakuweza kupanda ngazi zile peke yake. Siku moja alifika mlango wa nyuma akasimama, jirani wa kumsindikiza hakuna. Akasikia kitu kinaburuzika gizani. Alitaka kukimbia. Kumbe ni mama mkwe wake.

"Mama! Umeshukaje?"

"Kwa makalio, mwanangu. Miguu ningeitoa wapi? Haya, nishike, tupande."

Mgeni rasmi, mwenye kisu alikamatwa, akahukumiwa, yuko gerezani. Ofisi yako ilituandikia kwamba kosa ni la mhalifu na jengo halihusiki. Kwamba kosa ni lake, hatupingi. Lakini sisi tulikuwepo mahakamani siku alipoulizwa aliingiaje. Alijibu, "Nilisukuma mlango, ukafunguka." Hakimu akamwuliza alivunja nini. Akasema, "Sikuvunja kitu." Katika yote aliyoyasema siku ile, hilo hakuna aliyelipinga.

MAOMBI

Tunaomba kitasa, na ufunguo kwa kila nyumba. Tunaomba bango lishushwe madirisha yapumue, au angalau taa ziwekwe ngazini na zibadilishwe zikiungua. Tunaomba mlinzi atakayekuwa na ruhusa ya kumkimbilia binadamu. Na tunaomba tukisema jambo lifike, tena tupewe jibu, hata kama jibu ni hapana.

Tunalo ombi jingine, nalo si letu sote, ni la Dada Nywele. Ratiba inaonyesha kwamba baada ya utepe utapanda kwa mlango wa mbele hadi ofisini kupata viburudisho. Anakuomba upande kwanza kwa ngazi za nyuma, hadi juu. Hana nia ya kukuaibisha. Anasema wewe ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba anapaswa kuijua nyumba yake. Wanaokulinda wabaki chini kidogo. Yeye atatangulia mbele yako. Tangu siku ile hajazipanda bila kushikwa mkono, na leo asubuhi ametuambia tusimshike.

HITIMISHO

Tunakushukuru kwa kutusikiliza. Mungu akupe afya, awalinde watoto wako watokapo na waingiapo, na kila mlango wanaolala nyuma yake ufungike. Naye fundi redio, Mungu ampumzishe mahali penye mwanga.

Risala hii imesomwa kwa niaba ya wapangaji wa ghorofa za juu. Dada Nywele ameshasimama, mgeni rasmi. Anakusubiri.

Ni sisi,
Wapangaji wa Mlango wa Nyuma.