Bibi Mboni binti Mbaruku, Kungwi Aliyewarudisha Wali Darasani

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa Mtaa wa Sikukuu, familia inaomba utulivu, tumsindikize bibi yetu kwa maneno machache kabla hajatolewa ndani.

Marehemu Bibi Mboni binti Mbaruku alizaliwa mwaka 1901 huku huku Dar es Salaam, Gerezani, akiwa mtoto wa pili wa fundi seremala. Alisoma chuo cha Kurani mpaka alipovunja ungo, ndipo akawekwa ndani kama ilivyo desturi, juzuu yake akapewa kaka yake, na mara nyingi alisema kwamba siku ile alilia kuliko siku aliyofiwa na mama yake.

Mwaka 1919 aliolewa na marehemu Bwana Seifu, mpakuzi wa bandarini, wakahamia Kariakoo, wakajaliwa mtoto mmoja, Mgeni, aliye nasi hapa. Asubuhi aliuza vitumbua sokoni, lakini kazi iliyomjulisha kwa watu ni ukungwi, kuwafunda wasichana waliovunja ungo, tangu Kariakoo hadi Magomeni.

Mwishoni mwa mwaka 1955 Mzee Ramadhani, muuza nazi wa sokoni, alimwachisha shule binti yake Kuruthumu, aliyekuwa amemaliza darasa la nne, akamweka ndani, akamwita Bibi Mboni amfunde. Bibi alimfunda yote yaliyompasa. Lakini siku ya kumtoa mwali, mapema Januari, ngoma zimekwisha kuoteshwa moto na pilau imeiva, aliketi kizingitini mwa chumba, akasema mwali hatoki mpaka baba yake atamke mbele ya watu kwamba shule zikifunguliwa mtoto atarudi.

Mzee Ramadhani alisimama uani akafoka, "Mboni, umekuwa serikali wewe?" naye bibi akajibu bila kuinuka, "Humu chumbani ndiyo, baba, kama naongopa ingia umtoe mwenyewe." Kwa kuwa mwanamume haingii kwa mwali, wala kungwi hagusi mwali wa mwenzake, wanawake waliangua kicheko, mmoja akapaza sauti, "Sema basi, Mzee, pilau inaganda!" Ilipofika alasiri, Mzee alisema.

Makungwi wenzake walimtenga, wakidai ameharibu mila, na mwaka mzima hakuitwa popote, akaishi kwa vitumbua, wala hakunung'unika. Kisha akina mama wakaanza kumwita kimya kimya, mmoja mmoja, wakijua sharti lake, na wali wake wakarudi darasani.

Tangu Juni mwaka huu alisumbuliwa na pumu, na jana jioni, Jumanne tarehe 17 Novemba 1959, alituacha, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mgeni.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhangaikia, majirani walioteka maji na kuleta kuni, na wauza vitumbua wenzake waliofunga biashara zao leo. Wapo wanaouliza mbona Kuruthumu haonekani msibani, na wengine wameuita utovu wa adabu. Yuko kwenye mtihani wa darasa la nane, na sisi ndio tuliomkataza kuja, maana bibi angetufukuza sote. Mzee Ramadhani naye mtamwia radhi, ameketi nje ya lango la shule anamngoja, waje pamoja.

Nenda salama, bibi yetu, Mwenyezi Mungu akupokee kwa upole, kama ulivyowapokea watoto wa wenzio.