Buti Zinavuliwa Lini?

Gu. Gu. Gu. Usiku wa manane, buti zinapiga ubao wa kitanda, miguu ya mume wangu inatembea kitandani huku amelala. Wiki ya tatu tangu atoke vitani na hajalala bila buti, na jana nikajitia ujasiri nimvue usingizini, akaruka akanisukuma nikagonga ukuta, mtoto akaangua kilio, ndipo akanitambua, akalia na yeye. Asubuhi nikafunga nguo, mtoto mgongoni, naenda kwa mama. Njia ya stendi inapita kijiweni, benchi la mbele ya kinyozi, na kinyozi mwenyewe, wanamwita Jenerali ingawa jeshi amelisikia redioni tu, alikuwa anabishana na Soli, fundi viatu. Birika, muuza kahawa, anawamiminia, kimya kama kawaida yake. Wanabishania vita! Miguu ikagoma.

— Askari wa zamani hakujua hofu, — Jenerali anasema. — Mkuki kwa mkuki, mnatazamana. Hofu imeletwa na bunduki.

— Wee Jenerali, acha fiksi! Anayepigana ni mguu. Mwezi mzima mnatembea, vita yenyewe asubuhi moja. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu, bwana! Hawakusema shingo.

— Na wale wa baruti? Unamimina, unashindilia, adui naye anashindilia, mnasubiriana kama wateja wangu wa Jumamosi.

— Ndiyo wakavaa viatu vikubwa, risasi ilenge kiatu!

— Hilo dogo. Kuna jeshi lilishinda likiwa limelala.

— Limelala?

— Fofofo! Adui kasikia mkoromo, katimua mbio. Kimya kingi kina mshindo.

Wakacheka. Mimi nikajikuta nimeshasema:

— Shikamooni. Samahani, kaka zangu. Huyo askari akisharudi nyumbani, buti anavua lini?

Soli akakitazama kiatu mkononi kama hajawahi kukiona.

— Shemeji, hilo sasa... Birika, hebu ongeza kahawa.

— Imekwisha, — Birika akasema, na mvuke unatoka, nauona kabisa. Akabeba vyombo vyake, akanifuata mpaka kona.

— Mimi nilivua mwezi wa tano tangu nirudi, — akaninong'oneza. — Wale hawajui kama nilikuwa jeshini. Wakijua watataka hadithi, na mimi sina hadithi, nina miguu. Kule vitani, usiku utakaovua ndio huohuo adui anakuja. Usimvue amelala, mwanangu. Akiwa macho, akiiona mikono yako, mfungulie kamba moja. Ya pili mwachie.

— Akikataa?

— Kesho tena. Mke wangu alianza hivyo. Sasa ananigombeza naacha viatu mlangoni.

Nikacheka huku machozi yananitoka. Stendi sikufika.

Jioni, taa inawaka, nikapiga magoti mbele ya mume wangu, mikono wazi. Mguu ukakakamaa. Nikangoja. Nikafungua kamba moja, taratibu, nikakaa pembeni.

— Nani kakufundisha?

— Birika. Alikuwa kama wewe. Ila ni siri yake, usimwambie mtu.

— Yule wa kahawa?

Kisha akainama, akaishika kamba ya pili mwenyewe.

— Simwambii mtu mwingine, — akasema.