Chupa ya Anslem Tissera, Mtunza Matumbawe

Padre Paroko, mama yetu Philomena, shemeji yangu Iromi na watoto, wakwe zetu wa ukoo wa Croos, majirani wa Pitipana, na ninyi wa hotelini mliokaa safu ya tatu, mimi ni Camillus Tissera, mdogo wake marehemu, na familia imenipa karatasi hii niwasomee. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, wa pili nimeuongeza mwenyewe jana, kwa sababu kaka yangu anazikwa leo huku watu wakiendelea kusema kwamba yeye ndiye aliyeua matumbawe ya hoteli, na sitakubali ashuke kaburini na jina hilo.

Marehemu Sylvester Anslem Tissera alizaliwa tarehe 11 Machi 1963 hapa Pitipana, Negombo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu baba yetu Benedict, fundi wa nyavu, na mama yetu Philomena. Alianza shule ya parokia Januari 1969, akafanya mtihani wa mwisho Desemba 1979, akafaulu masomo yote isipokuwa hesabu, jambo ambalo mama aliniomba nisilitaje.

Tarehe 4 Mei 1981 aliajiriwa na kampuni ya kusafirisha samaki wa mapambo, wale wanaofungwa hai kwenye mifuko ya maji na kupelekwa Ulaya kwa ndege, kazi yake ikiwa kukwangua matangi, na huko ndiko alikojifunza mwani. Wenzake waliuita wote kwa jina moja, uchafu, na wakausugua wote kwa brashi ileile, lakini Anslem aligundua kwamba ule wa nywele za kijani huletwa na samaki kulishwa kupita kiasi, unang'olewa kwa mkono na konokono wanaachiwa wamalizie, kwamba ule wa vipovu vya kijani ukiupasua ndani ya maji umeupanda upya tangi zima, na kwamba ule utando mwekundu unaochunika kama malai ya maziwa huja pale maji yanapolala bila kutembea. Mkemia wa kampuni alipostaafu alimwachia hadubini yake kuukuu, na tangu hapo kaka akawa na neno lake moja ambalo lilituchosha sana, kazini, mezani, hata mtu akiugua mafua, "Kwanza tujue anaitwa nani."

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa katika kanisa hili na Iromi Croos, ambaye siku ya uchumba hakuletewa maua bali alionyeshwa ulimi wa konokono kwenye hadubini, akakubali kuolewa hivyo hivyo, wakajaliwa Shehani mwaka 1990 na Dulaj mwaka 1994.

Tarehe 2 Februari 2004 hoteli ya ufukweni ilimchukua ajenge tangi la matumbawe ukumbini, lita elfu kumi na mbili za maji ya chumvi, na matumbawe yale aliyakuza mwenyewe kutoka vipande vya ukubwa wa kucha. Kwa miaka kumi na minne wageni walipiga picha mbele ya tangi hilo na kumwomba yeye asogee pembeni. Mwaka 2005 aliniombea kazi ya kutunza stoo katika hoteli hiyohiyo, na mpaka leo ninaifanya.

Novemba 2018, ukumbi ulipokuwa ukiandaliwa kwa harusi ya mtoto wa mkubwa mmoja, mchanga wa tangi ulifunikwa na ute wa kahawia wenye nyuzi na mapovu, Meneja Seneviratne akaamuru maji yabadilishwe kila siku, na kadiri yalivyobadilishwa ute ulizidi, konokono wakaanza kudondoka kwenye kioo wakiwa wamekufa. Kaka alieleza kwamba konokono ndio wanaotuambia, ute huu una sumu, unastawi kwenye maji safi kupita kiasi, pale ambapo mwani mwingine umekosa chakula na kuuachia nafasi, kwa hiyo tuache kubadilisha maji, tuwalishe samaki zaidi, tuzime taa siku tatu. Meneja akamwambia mbele ya wafanyakazi wote, "Bwana Anslem, nyumba ni chafu halafu unataka tuiongezee taka? Si useme tu tukuletee na kuku ufuge humo." Watu walicheka, na mimi nilicheka.

Alhamisi tarehe 22, saa tano asubuhi, dawa ya kuua ute aliyoiagiza meneja ilifika stoo kwangu. Kaka alichota ute, akautikisa ndani ya chupa mpaka ukasambaratika, akauchuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, yale maji yaliyopita akayatia kwenye chupa safi na kuiweka dirishani pangu penye mwanga, akasema kama ni ute wa kawaida maji yatabaki vilevile, lakini kama ni huu anaoudhani, vijidudu vyake vitatafutana na kushikana tena nyuzinyuzi, na vikifa vyote kwa mpigo sumu yao itamaliza kila kilicho hai mle ndani. Alisema, "Nipe saa moja tu, bwana." Meneja akajibu kwamba saa moja hana, akaichukua dawa mkononi mwangu, akamtuma kaka getini kupokea maua ya harusi, na dawa ikamwagwa.

Ijumaa asubuhi matumbawe yalikuwa mifupa mitupu na samaki wamelala ubavu, harusi ikafanyika Jumamosi tangi likiwa limefunikwa shuka jeupe. Kamati ilipokaa tarehe 3 Desemba, meneja alisema dawa iliagizwa na kumwagwa na Anslem, na kwamba habari ya chupa ni hadithi ya kujitetea, wakaniita mimi mtunza stoo, wakaniuliza kama niliona chupa yoyote dirishani, nikasema sikuona. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na sisemi hivyo ili mnihurumie. Barua ya kumfukuza iliandikwa uzembe, na baada ya barua hiyo hakuna kampuni ya samaki iliyomfungulia mlango, akabaki akitunza tangi dogo kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, samaki watano na konokono wawili.

Moyo ulianza kumsumbua Julai 2021, akalazwa mara nne, akafariki Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa nane mchana, akiacha mama, mjane, watoto wawili na wajukuu watatu. Hakuwahi kunilaumu, angenitukana ningepata nafuu, lakini alikuja kwangu kila Krismasi na keki ya shemeji. Alipolazwa mara ya mwisho, Iromi akiwa ametoka kuchukua chai, aliniuliza, "Mdogo wangu, ile chupa ilijiunga?" Hakuuliza kwa nini nilisema uongo, aliuliza habari ya chupa, na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikamjibu, "Sikuangalia, kaka," naye akasema pole, ungeangalia, ni kitu kizuri kukiona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliofunga bendera nyeupe za msiba barabarani na kutupikia wali siku zote hizi, daktari wa meno aliyefunga kliniki yake leo, na wafanyakazi wenzake wa zamani. Hoteli tunaishukuru kwa shada la maua. Bwana Seneviratne, utepe wake umeandikwa "mtumishi mwaminifu", naomba maneno hayohayo kwenye karatasi ya hoteli, yenye mhuri, nitakuja kuyachukua Jumatatu nikileta barua yangu ya kuacha kazi.

Kaka Anslem, niliangalia. Ulipokuwa getini ukipokea maua, mimi nilikuwa nimesimama pale dirishani, na kabla saa moja haijatimia maji yalianza kufanya nyuzi, nyuzi zikashikana, zikapanda juu na mapovu yake, sawasawa na ulivyosema, na kwa kuwa dawa ilikuwa imeshamwagwa na mimi niliogopa, niliimwaga chupa kwenye sinki nikaisuuza. Ilijiunga, kaka. Sasa pumzika.