Elinaza Mgonja na Maziko Aliyoyakosa

Jumatano alikuja, Jumatano akaondoka. Marehemu Elinaza Nathanaeli Mgonja alizaliwa Vingunguti, Dar es Salaam, tarehe 9 Mei 1979, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Nathanaeli Mgonja, mkaguzi wa nyama machinjioni, na Bibi Naelijwa, mwenyeji wa Same. Mama yake, ambaye tuko naye hapa, anasema alizaliwa kimya, mkunga akamchapa mara mbili ndipo akalia, na tangu hapo hakunyamaza tena.

Alisoma Shule ya Msingi Vingunguti kuanzia 1987 hadi 1993, kisha sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 1997. Darasani alikuwa wa katikati. Hakuwasumbua walimu wala hakuwafurahisha. Waliomfukuza ni kwaya ya vijana ya usharika, kwa sababu alikuwa na tabia ya kugeuza sauti katikati ya wimbo. Siku moja mwalimu wa kwaya, mzee mpole sana, aliweka kitabu chini akamwambia, "Elinaza, wimbo huu una miaka mia nne. Wewe una kumi na minne. Nani ampishe mwenzake?" Marehemu alipenda kusimulia habari hiyo hata akiwa kitandani, na kila akiisimulia, wimbo ulizidi kuzeeka.

Mwaka 1999 alijifunza ufundi wa umeme wa magari katika gereji moja ya Tabata, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha mpaka mwisho. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye gitaa. Mwaka 2004 yeye na wenzake watatu walianzisha bendi ya Bati Tano. Jina walilitoa kwenye banda la mazoezi nyuma ya nyumba ya wazazi wetu, ambalo kweli lilikuwa na bati tano, na mvua ikinyesha mpiga dramu alihamia chini ya lile moja lisilovuja. Elinaza alipiga gitaa la solo na ndiye aliyekuwa kiongozi. Badru alipiga besi, Somoe aliimba, na Mwinjuma, fundi sofa, rafiki yake tangu utotoni, alipiga dramu. Hawakuwa na meneja wala studio iliyowashika mkono. Walirekodi wenyewe, wakachoma CD wenyewe, wakaziuza wenyewe masokoni.

Tarehe 8 Julai 2006 alifunga ndoa na Jenipher. Bati Tano ndiyo iliyopiga, na bwana harusi aliiacha meza kuu mara mbili kwenda kurekebisha nyuzi ambazo hakuna mgeni aliyezilalamikia. Bibi harusi alimsamehe ya kwanza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Eliamini na Naelijwa mdogo.

Sehemu inayofuata baba mdogo aliomba ifutwe, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya. Kwa heshima zote, baba mdogo, tumeiacha, kwa sababu aliyeiagiza ni marehemu mwenyewe. Alimwambia mdogo wake Noela, anayewasomea wasifu huu, "Ukiruka hapo, utakuwa umesoma wasifu wa mtu mwingine."

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Oktoba 2010, binti wa Mwinjuma aitwaye Nusaiba, mwenye umri wa miaka sita, alifariki kwa malaria. Mchana wa siku hiyohiyo Bati Tano ilikuwa izindue CD yake ya pili katika ukumbi mmoja wa Mbezi Luis. Mwinjuma alimpigia simu Elinaza, akamwambia mtoto atazikwa baada ya sala ya alasiri, awajulishe na wenzao. Elinaza akawaambia Badru na Somoe kwamba maziko ni kesho. Akaazima mpiga dramu, wakapanda jukwaani. Wakati Mwinjuma anashuka kaburini kumpokea mwanawe, bendi yake ilikuwa inapiga na watu walikuwa wanacheza.

Wapo waliomtafutia udhuru. Walisema sisi Wapare huwangoja ndugu siku tatu, nne, kwa hiyo alichanganya. Udhuru huo yeye mwenyewe aliukataa. Alikulia Vingunguti, na alishabeba majeneza ya majirani Waislamu saa chache tu baada ya kifo. "Nilijua," alisema. "Niliuona ukumbi umejaa, nikadanganya." Kesho yake Somoe alipofika msibani na kuambiwa mtoto ameshazikwa, alikaa chini nje ya mlango, akashindwa kuingia. Bati Tano iliishia hapo. Kwa miaka kumi na tatu Elinaza na Mwinjuma walipishana Tabata bila salamu.

Mwezi Agosti 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini, na daktari hakumficha kwamba imeshaenea. Akataka Bati Tano irudi irekodi nyimbo zake ambazo hazikuwahi kurekodiwa. Badru na Somoe walikubali, ingawa Somoe alimsema kwanza, na alimsema vizuri. Lakini Elinaza alishikilia kwamba bila Mwinjuma hiyo si Bati Tano. Tuseme ukweli, muziki aliutaka, ila alichokitaka zaidi kabla hajafa ni kusamehewa na Mwinjuma.

Alimfuata kwenye karakana yake ya sofa mara tatu. Mara ya kwanza Mwinjuma aliendelea kugonga misumari bila kuinua kichwa. Mara ya pili Mwinjuma mwenyewe alimwambia kuwa Mwinjuma hayupo. Mara ya tatu Elinaza alikuwa amekonda, akaenda akimwegemea Jenipher. Chausiku, mke wa Mwinjuma, akamtolea kiti.

"Umenifuata mie," Mwinjuma akauliza, "au umefuata dramu?"

"Nimekufuata wewe, braza. Dramu usipotaka, basi."

"Mie sina la kukupa. Mwenye kesi yako yuko makaburini. Kamsalimie kwanza."

Elinaza akainamisha kichwa. "Sipajui alipolala," akasema.

Chausiku akajifunika uso kwa khanga. Mwinjuma akaweka nyundo chini, akavaa ndala, akatangulia. Walikwenda kwa miguu, polepole, maana mgonjwa hakuweza mwendo mwingine. Alipoonyeshwa kaburi, Elinaza alipiga magoti akang'oa majani kwa mikono mpaka pumzi ikamwishia. Mwinjuma akamalizia upande uliobaki.

Kuanzia Machi hadi Novemba 2024 walirekodi nyimbo sita sebuleni kwa Somoe, magodoro yakiwa yameegemezwa madirishani kuzuia kelele za bodaboda. Mwinjuma hakukosa hata siku moja. Alifika, akasalimia, akapiga, akaondoka. Hakusema amesamehe. Marehemu alikuwa akimtazama kila akifungasha vijiti vyake, akingoja neno, na neno halikuja. Wimbo wa sita walilazimika kuurudia siku nne kwa sababu vidole vya Elinaza havikuwa na nguvu tena ya kukandamiza nyuzi. Lakini kungoja neno la Mwinjuma kulimuuma kuliko ugonjwa, na sisi tuliomuuguza kulituuma pia.

Uzinduzi ulipangwa Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, katika ukumbi uleule wa Mbezi Luis. Mwishoni mwa Januari, alipoona hali imebadilika, aliagiza mbele ya familia, "Hata nikifa, msiahirishe. Watu wameshaambiwa." Alifariki nyumbani kwake Tabata, Jumatano tarehe 12 Februari, saa nne asubuhi, mikononi mwa Jenipher.

Tuliwangoja ndugu wa Same, na maziko yakaangukia leo, Jumamosi ileile. Kikao cha familia cha asubuhi ya leo kikaona agizo la marehemu litimizwe: tuzike saa nane, jioni bendi ikapige. Mwinjuma alikuwa amekaa kwenye mkeka nje tangu Jumatano, akilala hapo hapo msibani. Akaomba nafasi.

"Shikamooni wazee. Samahanini. Huyu Elinaza hajifunzagi. Siku ya kuzika ni ya kuzika. Ukumbi nimeshawapigia, nimewaambia sie leo tuna maziko."

Baba mdogo akamwuliza kama hiyo ina maana amemsamehe.

"Mzee," Mwinjuma akasema, "si niko hapa?"

Kikao kikafungwa hapo.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili, ndugu wanne, na wenzake watatu wa Bati Tano. Nyimbo sita zitatoka siku nyingine, Mungu akipenda. Mwinjuma ameomba awe mmoja wa watakaoshuka kaburini kulipokea jeneza, na familia imekubali.

Mungu akupokee, Elinaza, akupe pumziko. Wenzako wote wamewahi.