Kicheko Hakuwa Mlevi

Sogezeni viti karibu na kitanda, wanangu, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki dirishani, na sitaki mtu aje aseme kesho kwamba hakusikia vizuri. Wewe kifungua mimba wangu, mpishe dada yako hapo mlangoni. Nimesema mpishe. Nimemwita mimi mwenyewe, na kabla huyo binti wa baba yenu mdogo hajaingia akakaa, sifungui mdomo hata kuomba maji. Haya. Kaa, mwanangu, kwenye kiti hicho chenye mto. Na wewe karani wa wakili, andika maneno yangu kama yanavyotoka, usinipambie.

Andika kwanza kwamba akili zangu zimetulia, maana nimemwona huyu mkubwa akimkonyeza mdogo wake kuwa mama amezidiwa na dawa. Leo ni siku ya nne ya mavuno. Zabibu za kilimani zimeanza kuingia asubuhi hii. Tangi la pili lilifunikwa jana, na kwa harufu inayopanda mpaka chumbani humu nawaambia limewahi kuchacha, lipozeni mapema kabla mvinyo haujaungua. Aliyechanganyikiwa hayajui hayo.

Mnadhani nimewaita kugawa mali. Nitagawa. Lakini kilichonifanya niwaite leo ni jambo la juzi. Nilikuwa nimekaa dirishani mchana, nikawaona mnagombana uani mbele ya wachumaji, habari za ile kampuni inayotaka kulinunua shamba. Huyu binti alisema kwa upole kwamba baba yake naye alikuwa na sehemu yake hapa. Na wewe mkubwa, mwanangu niliyekuzaa, ukamjibu, "Mtoto wa mlevi hana cha kudai hapa." Wachumaji wakainamisha vichwa. Yeye akainua kreti lake akarudi kilimani. Mimi huku juu nikafunga dirisha, kwa sababu neno lile si lako. Wewe ulilikuta. Aliyelitunga ni mimi.

Usinikatize. Kaa chini.

Babu yenu aliwaachia wanawe wawili shamba hili kwa pamoja. Baba yenu alishika mizabibu, mdogo wake akashika kazi za ghalani, na mimi, kwa kuwa pua yangu ilikuwa haikosei, nikawa msimamizi. Hapakuwa na mvinyo uliotoka humu bila kupita ulimini mwangu. Baba yenu mdogo tulimwita Kicheko kwa utani wake usioisha. Kila asubuhi aliyapitia mapipa akiyauliza yameamkaje, na lililokuwa likivuja alilipa pole. Wakati wa chakula cha mchana alikunywa glasi moja kama sisi sote, akaifunika kwa kiganja ukitaka kumwongeza. Mlevi hakuwa. Andika hilo, karani, kwa herufi kubwa.

Mnaijua hewa ya tangi. Zabibu zikichacha hutoa hewa nzito inayokaa chini, usiione, na mtu akishuka ndani yake anaanguka kabla hajajua kinachomwangusha. Ndiyo maana siku hizo, kabla ya mtu kushuka kukomba makapi, ilikuwa lazima feni iwake nusu siku, kisha msimamizi ateremshe mshumaa kwa kamba mpaka chini. Ukizimika, hashuki mtu. Msimamizi alikuwa mimi.

Mwaka ule mvua ilitupiga katikati ya mavuno, tukachuma mbiombio, na matangi yote yakajaa kwa mara moja. Siku hiyo ilikuwa lazima tangi la mwisho likombwe, maana zabibu nyingine zilikuwa uani zinaloa. Na siku hiyohiyo alifika mnunuzi mkubwa, wa kwanza wa aina yake kukanyaga hapa, nami nikamkaribisha kwenye chumba cha kuonjea, kilichopakana na ghala. Feni ilikuwa ikinguruma hata hatusikilizani. Nikatoka nikaizima. Nikarudi kumimina.

Kicheko akaniita kutoka juu ya tangi, koleo mkononi. "Shemeji, mshumaa umewaka?"

Nami nikamjibu, "Umewaka. Shuka."

Sikuwa nimeuwasha. Ulikuwa rafuni, mzima. Nilijiambia feni ilishafanya kazi ya kutosha, na mgeni alikuwa ameshika glasi anangoja. Kicheko hakuniuliza mara ya pili, kwa kuwa tangu anijue hakuwahi kuniona nikikosea.

Fundi mapipa ndiye aliyegundua kwamba koleo limenyamaza. Alijifunga kamba kiunoni, akavuta pumzi, akashuka, watu wawili wakawapandisha wote wawili. Mimi nilipotaka kumrukia Kicheko, wakanishika. Alikuwa na makapi kwenye nywele. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Wakaja wakaguzi. Wakaniuliza nani aliruhusu. Mnunuzi alikuwa bado yupo pale, baba yenu yupo pale, na nyote mlikuwa wadogo mkilia uani. Nikasema alikuwa amekunywa tangu asubuhi, akashuka bila kumwambia mtu. Wakaandika. Nani angemtilia shaka mjane... hapana, karani, futa, mjane alikuwa mwingine. Nani angenitilia shaka mimi.

Jioni ile fundi mapipa aliniletea mshumaa, akanionyesha utambi mweupe. "Mama, huu haujawahi kuguswa na moto," akasema, akauweka mezani akaondoka. Hakulisema tena mahali popote, lakini alifanya kazi nasi miaka kumi na moja mingine, na glasi niliyoimimina mimi hakuinywa tena mpaka anaingia kaburini. Na baba yenu tulilala kitanda kimoja hadi mauti yake, hakujua.

Kosa likizaliwa haliji peke yake duniani. Mimi nililiongezea ndugu. Haujaisha mwezi nikamwendea mke wa Kicheko na karatasi, nikamwambia jina la mlevi likibaki kwenye hati wanunuzi watatukimbia. Akaitia sahihi huku ameinamisha uso, kwa aibu ambayo haikuwa yake. Akahamia vyumba viwili nyuma ya soko, akashona sare za shule mpaka akafa, na wewe, mwanangu, ukiwa umeshika kitambaa upande wa pili wa cherehani. Ukaja hapa na miaka ishirini kuniomba kazi ya kuosha mapipa. Nilikupa, kwa kuwa haki yako nilikuwa nimeshakunyima mara moja. Na leo mvinyo unaoipa nyumba hii sifa ni kazi ya mkono wako, na miaka yote hii tumeonja pamoja, bega kwa bega, nami nimemeza maneno haya pamoja na kila funda.

Basi andika, karani. Nusu ya kilimani yenye mizabibu ya babu yao, na nusu ya ghala, ni ya binti wa Kicheko. Simpi zawadi. Namrudishia. Ile karatasi ya mama yake niliipata kwa hila, na nakiri hivyo mbele yenu. Nusu ya bondeni na nyumba hii ni ya wanangu wawili, sawa kwa sawa. Kampuni ikirudi, itazungumza na wenye shamba watatu. Na wewe mkubwa, usinitazame hivyo. Utasimama uani palepale, mbele ya wachumaji walewale, uwaambie baba yenu mdogo aliuawa na uongo wa mama yako. Uyaseme hayo kabla ya kutangaza msiba wangu. Mavuno msiyasimamishe kwa ajili yangu.

Unasemaje, binti wa Kicheko? Rudia, masikio yanazidi kuwa mazito.

Unauliza kama baba yako aliita akiwa ndani ya tangi.

Nilitegemea utaniuliza kwa nini. Hilo nilikuwa nimelitayarishia jibu.

Aliita. Mara moja. Alisema, "Shemeji," si kwa nguvu. Nami nikajibu nikiwa nimempa kisogo, nikasema, "Subiri, nina mgeni." Nilidhani ni utani wake. Karani, mbona umeacha kuandika? Liandike na hilo.

Nenda, kama unataka kwenda. Sikuombi unisamehe, sina uso wa kukuomba. Kitinda mimba wangu, niinue kidogo, kifua kinabana. Hivyo. Mungu awape mikono iliyo safi kuliko yangu. Awape kuulizana mara mbili, na kujibiana kweli. Awakalishe meza moja ninyi watatu, hata kama... hata kama itachukua muda.

Ameishia mlangoni? Hajatoka? Ametupa kisogo, lakini hajatoka. Basi.

Karani, soma ulichoandika, tangu mwanzo. Polepole, sauti yako ifike pale mlangoni. Na ukiniona nimenyamaza... usisimame. Wewe soma.