Mkaguzi wa Mizani na Kilomita Arobaini na Moja

Ndugu, majirani na marafiki, tarehe na hesabu zote mtakazosikia hapa nimezihakiki kwenye vyeti na kwenye madaftari ya marehemu mwenyewe. Ninayesoma ni mdogo wake, yule mwenye duka la nafaka. Wanaonifahamu wanajua kuwa nikisimulia jambo huwa natia chumvi. Leo nimekatazwa.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya posta, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yetu alikuwa tarishi wa posta, na mama yetu dobi wa hospitali. Baiskeli ya kazi ya baba ilimzidi marehemu kimo, na hakuna aliyetarajia msichana aipande. Alipofika miaka tisa alijifunza mwenyewe kwa kupitisha mguu ndani ya fremu, mwili umepinda upande mmoja, akaanguka mpaka magoti yakabaki na makovu maisha yake yote. Mama alimchapa kwa sababu ya gauni lililochanika. Baba alimwambia tu, "Ukianguka tena, angukia kushoto. Kulia kuna mnyororo."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975. Akiwa darasa la tano alitumwa kilo ya sukari, akaipima kwa jirani kabla ya kuifikisha nyumbani, kisha akairudisha dukani kwa kuwa ilikuwa imepungua. Muuza duka alikasirika na akagoma kutuuzia siku ile, tukanywa chai bila sukari, sote tumemnunia. Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha vipimo kwa miaka miwili, katika darasa la wanaume ishirini na mmoja na yeye peke yake.

Januari 1978 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2018. Alizunguka masokoni akiwa amefunga kwenye keria ya baiskeli sanduku la mbao lenye mawe ya shaba ya kupimia. Wauza nyama walimwita Mama Gramu, na walipoiona ile baiskeli mwanzoni mwa soko, mizani zilianza kufutwa mpaka mwisho wa soko. Kazini hakumpendelea mtu. Mwaka 1991 aliifungia mizani yangu mimi, mdogo wake wa tumbo moja, kwa sababu ya gramu ishirini. Jioni ile akaja kula kwangu kama kawaida na kuuliza mbona mchuzi una chumvi kidogo. Nilikuwa nimekasirika, lakini nilimwongezea chumvi.

Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji wa maturubai, mtu asiyependa maneno mengi. Wakajaliwa binti mmoja na mwana mmoja. Shemeji ndiye aliyeshona kwa mkono wake mikoba miwili ya turubai ya kuning'iniza kwenye baiskeli, pale marehemu aliposema kwamba akistaafu anataka kuendesha peke yake katika nchi ya watu.

Jambo hilo lilikuwa la siku nyingi. Mwaka 1987 ofisi ilimpeleka semina kwenye nchi moja ya joto kali, mbali, ambako hata lugha yao hakuijua. Wiki nzima walifungiwa ukumbini, na barabara aliiona kupitia dirisha la basi tu, imenyooka, kwenye nchi tambarare isiyo na mti. Aliibeba moyoni miaka thelathini na moja. Alipostaafu, familia tuliitisha kikao. Baba mdogo alikuwa mwenyekiti, na mimi ndiye niliyesema zaidi. Tulimwambia kuhusu jua, majambazi, umri, na watu watasemaje. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimewasikia wote, ahsanteni. Tiketi nimeshakata." Tukamgeukia shemeji atusaidie. Shemeji akasema, "Mimi nilioa mke, sikufunga mbuzi kamba."

Alianza safari katika nchi ileile tarehe 8 Februari 2019, kutoka mji wenye kiwanda cha saruji hadi mji wa mpakani, kilomita 1,860. Aliondoka kila siku saa kumi na moja alfajiri. Ilipofika saa tano jua lilikuwa halivumiliki, naye alijiingiza ndani ya makalavati, yale mabomba makubwa ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara, akalala humo mpaka saa tisa huku malori yakipita juu yake. Alibeba maji lita sita. Chumvi na sukari ya kuchanganya kwenye maji aliipima kwa mizani ndogo ya mfukoni, maana kukadiria hakukujua. Wanaume waliosimamisha magari kumuuliza mumewe yuko wapi aliwaonyesha kwa kidole nyuma, kwamba anakuja. Uongo huo aliuandika daftarini kila aliposema: mara kumi na tisa. Wanawake hawakuuliza sana. Mpika chai mmoja wa kando ya barabara alimpa kitanda chake, akafunga geti kwa kufuli, na funguo akampa yeye marehemu alale nazo.

Tarehe 12 Machi, kwenye kilomita ya 1,702, alianguka. Joto lilikuwa nyuzi arobaini na sita. Dereva wa lori la vitunguu alimpakia yeye na baiskeli yake, akamfikisha zahanati iliyokuwa mbele kilomita arobaini na moja. Alitundikiwa dripu siku mbili. Alipopata nguvu ya kusema, jambo la kwanza alilomwomba muuguzi, kwa ishara na kwa kuchora, ni kurudishwa pale alipookotwa. Muuguzi alikataa katakata, na viza ilikuwa inaelekea ukingoni. Kwa hiyo alianzia hapo zahanati, na tarehe 21 Machi alifika mpakani.

Niliandaa tafrija ya kumpokea. Nilichapisha bango kubwa lenye maneno KILOMITA 1,860, nikaalika hadi wale waliokuwa wakimcheka. Marehemu alisimama mbele ya bango, akaomba kalamu nene, akakata hesabu yangu na kuandika 1,819. Nilimvuta pembeni nikamwambia ananiaibisha mbele za watu. Alinijibu, "Kupunja ni kosa, na kuzidisha ni kosa. Kwenye mizani yangu, yote mawili yana faini." Sikumsemesha wiki tatu, nami leo naona haya kwa ajili ya zile wiki.

Alikusudia kurudi mwaka uliofuata, mipaka ikafungwa dunia nzima. Ilipofunguliwa, figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka. Daktari alimwambia waziwazi kuwa jua lile halimfai. Binti yake alilia. Marehemu alimpa shemeji ahadi moja, kwamba mwili ukikataa atashuka, kisha akaenda, Februari 2022, akalitafuta jiwe la kilomita alipoanguka na kuanza hapohapo. Aliendesha siku mbili. Miguu ilivimba hata viatu havikuingia. Kwenye kilomita ya ishirini na tisa alishuka, akaandika hesabu, akasimamisha basi. Alituambia kuwa kushuka kulimuuma kuliko kuanguka, na kwamba alishuka kwa sababu aliahidi.

Kuanzia Agosti mwaka huo alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hakukata tamaa hata siku moja. Mwanawe alimtengenezea stendi ya chuma, gurudumu la nyuma likining'inia, naye akawa anaendesha sebuleni kila alipojisikia nafuu ili awe tayari. Nilimwambia basi ahesabu kilomita hizo. Akasema, "Hizo gurudumu halijakanyaga chini." Binti yake akaomba aende akamalizie kwa niaba yake. Akamwambia, "Nenda mwanangu, utafurahi sana. Lakini zitakuwa zako."

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona wodini. Alinishika mkono akasema wasifu wake nitausoma mimi. Nikamuuliza kwa nini asisome mwanawe mwenye sauti nzuri. Akasema, "Kwa sababu wewe ndiye utakayetaka kuongeza. Ukisema wewe bila kuongeza, wataamini." Nilimwambia, "Dada, zimebaki kilomita kumi na mbili tu. Nani ataenda kupima?" Akanitazama, akasema, "Mimi nilipima." Nilikaa naye mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, mumewe akiwa pembeni yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita, mwezi mmoja na siku ishirini na tano.

Ameacha mume, binti na mwana, wakwe wawili, wajukuu watano, wadogo zake watatu na baba mdogo mmoja, ambaye tangu juzi anasema hajawahi kumkataza kwenda.

Kamati ya mazishi, kwa nia njema kabisa, ilitaka jalada la ratiba hii liandikwe kwamba safari yake imekamilika. Nilikwenda kwa mchapaji asubuhi, nikayaondoa maneno hayo. Mwanamke huyu aliendesha peke yake, katika jua la nchi ya watu, kilomita elfu moja mia nane arobaini na nane.

Pumzika, dada yangu, kwa utulivu wote. Sikukuongezea hata moja.